Robert Koch: Jina kubwa halikutosha kuponya ng'ombe

Na Mwandishi Wetu

NI wachache miongoni mwa wakazi wa Dar es Salaam wanaofahamu kwamba mwanasayansi aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu aliwahi kuishi na kufanya kazi katika mji wao. Kati ya mwaka 1897 na 1898, Mjerumani Robert Koch alikuwa mjini humo na hadubini yake, akichunguza magonjwa ya binadamu na ya mifugo.

Katika damu ya ng'ombe wa Pwani aliona vimelea vidogo mno. Aliviona vizuri na akaviandikia taarifa, lakini akavihesabu kuwa vya ugonjwa mwingine. Miaka michache baadaye, ugonjwa uliosababishwa na vimelea hivyo uliangamiza ng'ombe wengi kusini mwa Afrika, na chanjo aliyoipendekeza Koch haikufua dafu.

Hilo halikuwa kosa lake pekee. Mtu huyu aliyeifundisha dunia namna ya kuthibitisha chanzo cha ugonjwa, mara kadhaa alitangaza tiba na kinga kabla ya ushahidi kukamilika. Maisha yake yanaeleza, pengine kuliko sheria yoyote, kwa nini leo chanjo ya ndama hupita katika mikono ya wakaguzi wengi kabla ya kufika katika duka la dawa za mifugo.

Mganga wa wilaya

Robert Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, ulioko kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na familia ilikuwa na watoto 13. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaambia kuwa amejifunza kusoma mwenyewe, kwa kutumia magazeti.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mwaka uliofuata alimuoa Emmy Fraatz, ambaye alimzalia mtoto mmoja wa kike, Gertrud. Baada ya kutumika kama daktari katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, mwaka 1872 aliteuliwa kuwa mganga wa wilaya ya Wollstein, eneo ambalo leo liko Poland.

Wollstein ilikuwa wilaya ya wakulima na wafugaji, na mifugo yao ilikuwa ikifa kwa kimeta. Ugonjwa huo uliua kondoo na ng'ombe kwa ghafla, na mara nyingine uliwapata watu walioshika ngozi au nyama ya mzoga. Wafugaji walijua pia kwamba yapo malisho ambayo mifugo ikiingizwa hufa, hata kama yamekaa miaka bila mnyama.

Koch hakuwa na maabara. Alitenga sehemu ya nyumba yake, akatumia hadubini aliyopewa na mkewe, na kuwachoma panya kwa vijiti vyembamba vilivyochovywa katika damu ya mifugo iliyokufa. Panya walikufa, na katika damu yao akakuta vijidudu vilevile vyenye umbo la fimbo.

Aliendelea kuvikuza vijidudu hivyo nje ya mwili wa mnyama, kizazi baada ya kizazi, na bado viliua. Aligundua pia kwamba hali inapokuwa mbaya vijidudu hivyo hutengeneza mbegu ngumu, ziitwazo spora, zinazoweza kukaa ardhini kwa muda mrefu. Fumbo la malisho ya mauti likawa limefumbuliwa.

Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumuonyesha kazi hiyo Profesa Ferdinand Cohn, na mwaka huohuo ikachapishwa. Mganga wa wilaya akawa mtu wa kwanza kuthibitisha kwamba kijidudu fulani husababisha ugonjwa fulani.

Siri ya Berlin

Mwaka 1880 Koch alihamishiwa Berlin katika Ofisi ya Afya ya Dola ya Ujerumani. Huko alibuni njia ya kukuza bakteria wa aina moja pekee juu ya tabaka gumu, njia ambayo maabara za dunia nzima huitumia hadi leo. Machi 24, 1882 alitangaza kugundua kijidudu cha kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu wengi barani Ulaya. Mwaka 1883 na 1884 aliongoza safari ya utafiti wa kipindupindu Misri na India.

Wakati huo alikuwa katika ugomvi mkali na Mfaransa Louis Pasteur. Mwaka 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort, Pasteur alikuwa amejaribu hadharani chanjo ya kimeta kwa kondoo 50, nusu yao wakichanjwa na nusu wakiachwa. Wote walipopewa ugonjwa, wale wasiochanjwa walikufa na karibu wote waliochanjwa walisalimika.

Koch hakuridhika. Mwaka 1882 aliandika kijitabu akimlaumu mwenzake kwa kutumia chanjo isiyo safi na kutangaza mafanikio huku akinyamazia mapungufu. Lawama hizo zilikuwa na msingi, kwani chanjo hiyo ilipoanza kuuzwa haikuwa na nguvu sawa kila mahali. Hata hivyo, haikupita miaka kumi kabla ya Koch mwenyewe kuangukia katika shimo hilohilo.

Agosti 1890, mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin, alisema amepata kitu kinachozuia kijidudu cha kifua kikuu kukua ndani ya simbilisi, wanyama wadogo wanaotumika katika majaribio. Novemba mwaka huo alichapisha taarifa kwamba dawa hiyo ilikuwa imeanza kutumika kwa watu. Dawa ikaja kujulikana kama tubakulini. Hakueleza imetengenezwa na nini.

Habari zikaenea kama moto wa nyika. Wagonjwa walisafiri kutoka nchi mbalimbali, wengine wakiwa mahututi, wakajaza hoteli na hospitali za Berlin. Madaktari nao walifika kwa mamia kutafuta angalau chupa moja. Mmoja wao alikuwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, ambaye alirudi Uingereza akiwa na mashaka.

Mashaka hayo yalithibitika upesi. Wagonjwa waliochomwa tubakulini walipata homa kali, na baadhi walifariki. Januari 1891 mtaalamu wa magonjwa Rudolf Virchow alionyesha, kwa kuchunguza maiti, kwamba badala ya kukomesha vijidudu dawa hiyo ilionekana kuvisambaza mwilini. Mwezi huohuo Koch akalazimika kufichua siri yake: ilikuwa ni maji ya gliserini yaliyotokana na vijidudu vya kifua kikuu vilivyokuzwa maabara.

Serikali ya Prussia ilikusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 1,700. Waliohesabiwa kuwa wamepona hawakufikia wawili katika kila 100.

Lililowauma wengi ni kwamba Koch alikuwa ameyakiuka masharti yake mwenyewe. Alipotafuta chanzo cha ugonjwa alidai ushahidi hatua kwa hatua, lakini alipotafuta tiba aliwataka watu waamini kwa sababu msemaji alikuwa Robert Koch. Na watu waliamini.

Kituo cha ukaguzi

Pamoja na fedheha hiyo, mwaka 1891 serikali ilimfungulia Koch taasisi ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin. Ndani ya taasisi hiyo, bila yeye kukusudia, ndipo ulipochipuka mfumo wa kukagua dawa za aina hii.

Wasaidizi wake Emil Behring na Shibasaburo Kitasato walikuwa wamegundua kwamba seramu, yaani maji ya damu, ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya ugonjwa huweza kumkinga mwingine. Seramu dhidi ya dondakoo, iliyotolewa kwa farasi, ilianza kuuzwa mwaka 1894. Tatizo likawa lilelile la chanjo ya kimeta, kwani chupa moja ilikuwa na nguvu na nyingine haikuwa nayo.

Safari hii serikali haikusubiri janga. Mwaka 1895 kilianzishwa kituo cha kukagua seramu katika taasisi ya Koch, na mwaka 1896 kazi hiyo ikahamishiwa katika taasisi mpya chini ya Paul Ehrlich, aliyeweka kipimo kimoja cha nguvu ya seramu. Tangu hapo kiwanda hakikuruhusiwa kujisifia chenyewe. Kila toleo lilipaswa kupimwa na mtu asiyepata faida kwa kuuzwa kwake.

Taasisi hiyo ipo hadi leo kwa jina la Ehrlich, na ndiyo inayoidhinisha chanjo za binadamu na za mifugo nchini Ujerumani. Marekani nayo ilitunga sheria ya seramu na chanjo za binadamu mwaka 1902, na mwaka 1913 ikatunga sheria ya chanjo na seramu za mifugo, ili kuwazuia wauzaji waliokuwa wakiwapa wafugaji bidhaa hafifu au zenye madhara.

Sotoka na nyongo ya ng'ombe

Wakati mfumo huo ukichipuka Ulaya, Afrika ilikuwa ikiteketea. Sotoka, iliyoingia kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Wamaasai na wafugaji wengine wa Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Mwaka 1896 ugonjwa ulivuka Mto Zambezi na kuingia kusini.

Serikali ya Koloni la Rasi ikamwita Koch. Alifika Kimberley Desemba 1896, na kufikia Februari 1897 alitangaza njia ya kinga. Ng'ombe mzima alichomwa sindano ya mililita 10 za nyongo iliyotolewa kwa ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Machi aliondoka kwenda Bombay kuchunguza tauni, akiwaacha wengine waendelee.

Nyongo ilisaidia, na ng'ombe wengi walinusurika kwa sababu yake. Lakini kadiri ilivyotumika, ndivyo kasoro zilivyojitokeza. Kupata nyongo kulihitaji kuwa na wanyama wagonjwa wakati wote. Nyongo ya ng'ombe mmoja haikulingana na ya mwingine, nyingine ilibeba ugonjwa wenyewe, na kinga yake haikudumu.

Watafiti waliobaki, wakiwamo Wilhelm Kolle na George Turner pale Kimberley, na Arnold Theiler na Herbert Watkins-Pitchford waliofanya utafiti wao kwingine, waligeukia seramu. Njia ya kumpa ng'ombe seramu pamoja na damu yenye ugonjwa ilitoa kinga ya muda mrefu zaidi, ikachukua nafasi ya nyongo.

Kwa lugha ya wakaguzi wa leo, nyongo ya Koch ilikuwa na ufanisi kiasi, lakini ilikwama kwenye ubora. Hakuna aliyeweza kuahidi kwamba chupa ya pili itakuwa sawa na ya kwanza.

Damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam

Kutoka Bombay, Koch alikuja Dar es Salaam mwaka 1897, mji uliokuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Alichunguza malaria, na pia tauni iliyokuwa imeripotiwa Kiziba, upande wa Bukoba. Alichunguza pia magonjwa ya mifugo, ukiwamo ule unaoenezwa na mbung'o.

Hapo ndipo alipoviona vile vimelea vidogo katika damu ya ng'ombe. Koch aliamini kwamba ni sura nyingine ya homa ya Texas, ugonjwa wa kupe uliokwishafahamika Marekani. Kwa hakika vilikuwa vimelea vya ndigana kali, ambayo hadi leo huua ndama wengi Afrika Mashariki na Kati.

Aliondoka Dar es Salaam mwaka 1898. Mwaka 1901, wafugaji wa kusini waliokuwa wakijaza upya maboma yaliyofagiliwa na sotoka waliagiza ng'ombe kutoka nje, wakiwamo wa Pwani ya Afrika Mashariki, kupitia bandari ya Beira. Ndigana kali ikaingia pamoja nao.

Mwaka 1903 Koch akaitwa tena, safari hii Bulawayo, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Alitambua kwamba ugonjwa ule ulitoka Pwani, na akaachana na dhana ya homa ya Texas. Kisha akapendekeza kinga: ng'ombe wachomwe mara kwa mara, kwa miezi kadhaa, damu ya ng'ombe waliokwishapona.

Njia hiyo ilishindwa. Ilipotumika mashambani, ng'ombe waliochomwa sindano waliendelea kufa sawa na wengine. Theiler, pamoja na Charles Lounsbury aliyefanya majaribio ya kupe katika Koloni la Rasi, walionyesha kwamba ugonjwa huletwa na kupe, hasa kupe wa kahawia anayekaa masikioni. Damu ya ng'ombe aliyepona haikuwa njia ya kuaminika ya kupitisha vimelea wala kinga. Kilichookoa mifugo ni majosho, uzio na karantini. Vimelea vile vikapewa jina la Theiler.

Maziwa na macho

Kati ya safari hizo mbili, Koch alitoa tamko lingine zito. Mwaka 1901, katika mkutano wa kifua kikuu mjini London, alisema kifua kikuu cha ng'ombe ni tofauti na cha binadamu, na kwamba hatari ya watu kuambukizwa kwa maziwa au nyama ni ndogo kiasi cha kutohitaji hatua maalumu.

Wengi ukumbini walishtuka. Serikali ya Uingereza iliunda tume iliyofanya kazi kwa miaka kumi, na ikahitimisha mwaka 1911 kwamba ng'ombe wanaweza kabisa kuwaambukiza watu, hasa watoto wanaokunywa maziwa mabichi. Koch alikuwa sahihi kwamba vijidudu hivyo vinatofautiana, lakini alikosea katika lile lililomhusu mnywaji wa maziwa.

Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka huohuo alikuwa tena Afrika Mashariki, ambako alionyesha kwamba homa ya papasi huenezwa na papasi wenyewe, jambo ambalo watafiti wengine walilithibitisha wakati uleule nchini Kongo.

Safari yake ya mwisho ya Afrika ilikuwa ya mwaka 1906 na 1907, kwenye visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, ambako malale ilikuwa imeua watu wengi sana. Koch aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu. Nafuu ilipoonekana haidumu, dozi iliongezwa, na wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka.

Watu hao walikuwa wakazi wa nchi iliyotawaliwa na wageni, na hakuna bodi wala kamati iliyohoji dozi hiyo kabla haijatolewa. Ni doa ambalo wanahistoria wa tiba wanaendelea kulijadili.

Koch alifariki dunia Mei 27, 1910 huko Baden-Baden kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 66. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakahifadhiwa katika taasisi yake mjini Berlin, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Aliacha mjane, Hedwig Freiberg, mke wake wa pili, ambaye enzi za tubakulini alikubali kuchomwa dawa hiyo kwa majaribio.

Maswali ya leo

Kama Koch angefika leo katika ofisi ya usajili na chupa ya nyongo mkononi, angekutana na maswali ambayo maisha yake mwenyewe yalisaidia kuyazaa.

Nchini Tanzania dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Kenya inayo Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, na Uganda kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Taratibu zinatofautiana, lakini msingi wake ni mmoja.

Swali la kwanza ni la ubora. Mwombaji huwasilisha jalada linaloeleza kila kilichomo ndani ya dawa, namna inavyotengenezwa, na inakaa muda gani kabla ya kuharibika katika joto la nchi husika. Kiwanda hukaguliwa, na sampuli hupelekwa maabara. Hapa ndipo nyongo ingekwama, na tubakulini ya siri isingepokelewa hata mezani.

La pili ni la usalama. Ni lazima ionyeshwe dawa inamfanya nini mnyama akipewa dozi sahihi, na nini akizidishiwa. Ni lazima pia ijulikane inamwathiri vipi mtu anayeichoma na mazingira inakoishia. Wagonjwa wa Sese walilipia swali hili kwa macho yao.

La tatu ni la ufanisi. Majaribio hufanywa kwanza katika mazingira yanayodhibitiwa, kisha mashambani, kukiwa na kundi la wanyama wasiopewa dawa ili kulinganisha. Bila kundi hilo, mnyama aliyepona mwenyewe huhesabiwa kuwa ameponywa.

La nne ni la mlaji, na huliangukia hata yule asiyefuga kuku mmoja. Dawa nyingi hubaki kwa muda katika nyama, maziwa na mayai. Kwa hiyo mtengenezaji lazima athibitishe ni siku ngapi zipite kabla ya maziwa kuuzwa au mnyama kuchinjwa. Idadi hiyo ya siku huandikwa kwenye kifungashio, na mfugaji asiyeifuata huipeleka dawa hadi kwenye kikombe cha chai cha mkazi wa mjini.

Hata baada ya usajili kazi haiishi. Usajili hutolewa kwa muda maalumu na huhitaji kuhuishwa, madhara yanayojitokeza hupaswa kuripotiwa, na dawa huweza kuondolewa sokoni. Kwa upande wa chanjo, Umoja wa Afrika unacho kituo cha PANVAC huko Debre Zeit, Ethiopia, kinachopima ubora wa matoleo ya chanjo za mifugo zinazotumika barani.

Kituo hicho kina historia inayorudi kwenye sotoka. Kilianza miaka ya 1980 ili kuhakikisha kwamba chanjo iliyotumika kuufuta ugonjwa huo kweli ina nguvu. Chanjo yenyewe ilitokana na kazi ya Walter Plowright na wenzake pale Muguga, Kenya. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili kufutwa duniani baada ya ndui, na wa kwanza kwa wanyama.

Wapo wanaolalamika kwamba taratibu hizi ni ndefu na ghali, na hoja yao si ya kupuuzwa. Chanjo ya ndigana kali, iliyotengenezwa pia Muguga, ilikwishajulikana kisayansi katika miaka ya 1970, lakini ilipita miongo kadhaa kabla ya kusajiliwa rasmi Tanzania, Kenya na Malawi. Wakati huo wote ndama waliendelea kufa.

Hata hivyo, ugumu wa chanjo hiyo unaeleza sehemu ya ucheleweshaji. Ndani yake mna vimelea hai vilivyotolewa kwa kupe, ambavyo ndama hupewa sambamba na dawa ya kuua vijidudu ya aina ya tetrasaiklini. Huhifadhiwa katika baridi kali ya naitrojeni ya kimiminika hadi wakati wa kutumika. Ikikosewa, chanjo hugeuka kuwa ugonjwa wenyewe.

Njia ambayo nchi za Afrika Mashariki zimeichagua ili kupunguza foleni hiyo ni kutambuana, yaani jalada la chanjo ya mifugo kuchambuliwa kwa pamoja badala ya kila nchi kuanza upya. Hilo linafupisha safari bila kuondoa maswali yale manne.

Na tubakulini? Haikuponya kifua kikuu hata siku moja, lakini haikutupwa. Madaktari wa mifugo waligundua mapema kwamba ng'ombe mwenye maambukizi, hata akionekana mwenye afya, huonyesha dalili akichomwa. Nchini Denmark, Bernhard Bang aliitumia kuanzia miaka ya 1890 kuwatenga ng'ombe wagonjwa na kusafisha mifugo.

Aina iliyosafishwa ya dawa hiyohiyo bado hutumika duniani kuwapima ng'ombe wa maziwa. Sharti ni lilelile: kila toleo lipimwe kwanza na mtu mwingine, asiyejali jina la aliyeigundua.